Mstari wa Nukta

Fremu ya Mfanyakazi Bora wa Mwezi
inaning'inia juu ya droo yangu ya hela,
kati ya leseni ya biashara na kalenda ya mwaka juzi.
Viane amekaa humo mara nne.
Prosista mara tatu, ya mwisho akiwa na mimba.
Mimi mara moja, Aprili ya mvua,
wateja walipokuwa sita kwa siku
na hesabu haikunishinda.

Wote tuliomo tunaonekana kutoka mezani.
Hilo sikuligundua mimi.
Aliligundua dereva wa lori la simenti
aliyeshuka Moshi kubadili tairi,
akamaliza bakuli la mtori, akalifuta kwa kidole,
akaniuliza akiutazama ukuta:
"Nani kati ya hawa ameupika?"
Hakuna, nikasema.
"Basi mmetundika miguu. Mikono mmeiacha wapi?"
Akaacha elfu mbili juu ya meza,
akaondoka bila kungoja chenji.

Mikono iko nyuma ya pazia la plastiki.
Inamenya ndizi tangu saa kumi na moja alfajiri,
utomvu umeitia weusi usiosikia sabuni wala ndimu.
Inaujua mkungu ulioiva kupita kiasi
kwa mlio wake tu ukitupwa sakafuni.
Inaponda, inaongeza maziwa kidogo, inangoja.
Miaka kumi na mmoja.
Kwenye daftari la mishahara nimekuwa nikiiandika
Mama Jikoni,
mbele yake tarakimu,
mbele ya tarakimu sahihi ndogo
ambayo sijawahi kuisoma.

Jioni nikamwambia Bwana Mremi.
Alikuwa anahesabu kreti za soda.
"Mpe tu. Lakini yule wateja hawamjui."
Ndiyo maana, nikasema.
Akapoteza hesabu, akaanza upya.

Nilinunua cheti dukani karibu na stendi,
chenye maua ya dhahabu pembeni
na mstari wa nukta wa kuandikia jina.
Nikaingia jikoni kuuliza.
"Ndeambiliasia," alisema, mwiko haukusimama.
"Ndeambiliasia Eliufoo Temu."
Nukta ziliniishia penye *lia*,
nikaona haifai jina la mtu kukomea kwenye kilio.
*Sia* nikaipandisha juu ya maua,
Eliufoo ikapanda pembeni kama mharage unaotafuta mti,
Temu ikajibanza chini ya muhuri.

Ijumaa, kabla ya watu wa mchana, tulisimama jikoni,
Viane na sahani zake, Prosista na mtoto mgongoni.
Bwana Mremi akalisoma jina lote,
akikwama mara mbili kama gari kwenye tope la Uru.
Tukapiga makofi.
Hakutoa chozi, kwa wale wanaotaka kujua.
Alifuta mikono kwenye kanga,
akakishika cheti kwa ncha za vidole kama kifuniko cha moto.
"Mmeniandika mrefu," alisema.
Kisha: "Na kiti?"
Kiti gani?
"Cha kumenyea. Miaka yote hii namenya juu ya kreti."
Tukatazama kreti.
Bwana Mremi, aliyezihesabu kila jioni, naye akaitazama.
"Haya tokeni, mtori unashika chini."

Kiti kilinunuliwa Jumatatu huko Mbuyuni,
cha mbao, hakina egemeo,
na bei yake ililalamikiwa hadi Jumatano.
Cheti alikataa kiende kwenye fremu.
Amekipigilia juu ya beseni la vyombo,
ambako mvuke umeshakikunja pembe
na wino umechuruzika kidogo.
Nikajitolea kuandika kingine.
"Kiache," alisema.
"Jina nalo limeanza kutoka jasho."

Daftarini nimemfuta Mama Jikoni.
Safu ya majina ni nyembamba.
Nimetumia mistari miwili.